Kunegunda Mbano na Ufa wa Barafu

Kunegunda Kajetani Mbano ni binti wa Kajetani Mbano, aliyekanyaga udongo wa matofali kule Hanga miaka na miaka mpaka nyayo zake zikawa nyekundu, na wekundu huo akazikwa nao. Kajetani alikuwa mtoto wa Otto Mbano, aliyetoka Lusewa kwa miguu mwaka wa njaa na mbegu za mahindi kichwani, asile hata punje moja njiani, akafika Songea amekonda kama ufito na mbegu zake kamili. Mama yake Kunegunda ni Getruda, aliyeshona vibuyu vya harusi na vya matanga vya nusu ya mji huu. Na Kunegunda mwenyewe ndiye aliyemaliza darasa la saba akiwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo pima mwenyewe. Ndiye aliyewafundisha wanawake kumi na tisa wa Mfaranyaki kusoma na kuandika wakati wa kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyefiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja, akakataa kurithiwa mbele ya wazee wote, akamlea mdogo wake Saimon mpaka akawa fundi mwashi. Leo ana miaka sabini na mitatu, macho yake yanaona tundu la sindano bila miwani, na kazi yake ni ileile ya mama yake: kushona vibuyu vilivyopasuka.

Wengi wanadhani kibuyu kikipasuka ni cha kutupa. Siyo. Kwanza unatafuta ufa unapoishia. Hapo mwishoni unatoboa tundu dogo la mviringo kwa msumari uliopashwa moto, kwa sababu ufa una ncha, na ncha ndiyo inayotembea. Ikiangukia kwenye tundu, ukali wake unakwisha. Ndipo unashona pande mbili kwa ukindu uliolowekwa, kisha unapaka nta. Ukianza kushona kabla ya kutoboa, ufa utakupita chini ya mkono kama nyoka na utabaki na mshono mzuri juu ya kibuyu kilichokufa.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, Kunegunda alikuwa barazani kwake na vibuyu vinne mbele yake pale Saimon alipoingia uani bila hodi. Alikuwa bado na saruji kwenye nyusi.

"Dada, leo usimsikilize Lukresia. Akija, usimsikilize."

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo dada. Usimsikilize."

Lukresia ni binti wa Saimon, mtoto wake wa pili, miaka ishirini na tisa, mpima ardhi. Amesoma Dar es Salaam, akaenda kusoma tena nje, akarudi. Na aliingia nyuma ya baba yake dakika hiyohiyo, na mkoba begani, akapiga goti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Baba yako ameshanikataza kukusikiliza, kwa hiyo nina hamu sana ya kukusikia."

Katika ukoo wao wa Mbano binti haendi mbali, iwe kuolewa, iwe utawani, iwe kazini ng'ambo, mpaka shangazi mkubwa atamke. Baba anaweza kulia, mama anaweza kununa, neno ni la shangazi. Akikataa na binti akaenda kwa nguvu, siku ya safari hakuna wa kumsindikiza, na siku ya kurudi hakuna wa kumpokea. Yupo mmoja aliyefanya hivyo zamani, na mpaka leo watoto wake hawajui makaburi ya babu zao yako wapi. Lukresia alilijua hilo. Ndiyo maana alipanda basi kutoka Dar badala ya kupiga simu.

Akaeleza. Watafiti aliosoma nao wanamwita Antaktika, bara la kusini kabisa, kwa miezi mitatu. Huko kuna barafu iliyoteremka kutoka nchi kavu ikaingia baharini bila kukatika, ikabaki inaelea huku imeshikana na bara nyuma yake, pana kama wilaya nzima, nene kuliko nusu ya mlima Matogoro. Barafu hiyo ina ufa. Kazi yake ni kusimika nguzo pande mbili za ufa, kila nguzo na chombo kinachosoma mahali ilipo kwa setilaiti, ili wajue kila siku ufa umeongezeka kiasi gani. Jibu lake linatakiwa Ijumaa saa kumi jioni. Asipojibu nafasi anapewa mwingine.

"Umesikia dada?" Saimon akasema. "Anakwenda kukaa juu ya barafu yenye ufa."

"Kando ya ufa, baba."

"Kando ya ufa ni juu ya ufa ambao haujafika."

Kunegunda alijua neno lile limetoka wapi. Miaka kumi na minne iliyopita Saimon alikuwa anachimba msingi wa ghala moja huko bondeni pamoja na rafiki yake Makarius, fundi mwenzake tangu ujana. Ukingo wa shimo ulikuwa na ufa. Ukaporomoka. Saimon alitolewa akiwa amefukiwa mpaka kifuani. Makarius alitolewa mwisho.

"Mimi nimeshazika mmoja kwa sababu ya ufa," Saimon akasema. "Simziki na wa pili. Tamka tu dada, tumalize."

Kunegunda akaweka kibuyu chini.

"Nitatamka Ijumaa mchana. Kabla ya hapo nataka kujua kitu kimoja tu: ufa huo unakuaje. Siwezi kutoa ruhusa kwa kitu nisichokielewa. Na kunyima nako hivyohivyo."

"Kuna nini cha kuelewa? Barafu na jua!"

"Wewe barafu umeiona wapi, Saimon? Kwenye chupa ya soda. Nenda kanawe uso."

*

Jumatano saa nne asubuhi Lukresia alikuwa ameshafika. Kunegunda alimpa kigoda kifupi kuliko chake, kama alivyowakalisha wale wanawake kumi na tisa, ila safari hii mwanafunzi alikuwa yeye mwenyewe.

"Anza mwanzo. Na usiniambie mambo ya kwenye kompyuta. Niambie kitu kinachoshikika."

Jirani yake Ashura, mwenyeji wa Nakapanya anayeuza korosho na maandazi, alikuwa upande wa pili wa ua wa matete anakanda unga, na masikio yake yalikuwa upande huu. Lukresia akamwomba donge la unga. Akaliweka juu ya sinia iliyopinduliwa.

"Tazama shangazi. Sijaligusa, lakini linajitandaza lenyewe kwa uzito wake. Barafu nyingi vilevile. Theluji imeanguka juu ya bara lile miaka maelfu, ya juu ikaikandamiza ya chini ikawa barafu, na barafu hiyo inatambaa polepole kwenda baharini. Ikishafika majini inaelea, lakini haiachi kujitandaza. Inajivuta."

"Na kinachovutika kinapasuka."

"Ndiyo. Hasa pale inaposhikwa. Pembeni inasuguana na ardhi, katikati inakwenda mbio zaidi. Na chini kuna vilima vya baharini ambavyo tumbo lake linavigusa, vinaishika kama mtu anayeshikwa shati. Sehemu moja inashikwa, nyingine inakwenda, basi katikati yao panachanika."

Ashura akatoa kichwa juu ya ua. "Unga wangu huo nitarudishiwa, au umeshakuwa barafu?"

"Utarudishiwa, mama Ashura."

"Na huko wanaswali saa ngapi? Nimesikia jua halizami."

"Miezi ninayokwenda mimi halizami kabisa."

"Lahaula! Basi bora usifike Ramadhani huko, utafuturu mwaka unaofuata." Akacheka mpaka unga ukamtoka mikononi. "Bibi Kunegunda, mwache binti aende. Akirudi atatuletea kipande, tuweke kwenye maji ya ukwaju."

"Korosho zako zinaungua," Kunegunda akamwambia, na zilikuwa zinaungua kweli.

Kisha akainuka akaangua kibuyu kimoja kutoka darini. Kilikuwa kimepasuka tangu mwezi wa sita, ufa wa urefu wa kidole, na hakikuwa kimeshonwa.

"Hiki kimekaa kikavu miezi minne, na ufa haujasogea hata kidogo. Nataka uniambie hiki kinachofuata kinafanana na cha huko au hakifanani." Akamimina maji mpaka shingoni, akakining'iniza kwenye msumari wa nguzo. Ufa ukaanza kutokwa na jasho, kisha ukadondosha matone. Wakakaa wakikitazama kama watu wanaochunga maziwa motoni. Baada ya muda pakasikika mlio mdogo, tik, na ufa ukawa umevuka tumbo la kibuyu.

Lukresia akasimama. "Kinafanana! Shangazi, hicho ndicho tulichofundishwa wiki mbili nzima. Ufa mtupu hauwezi kushuka sana, maana kule chini barafu yenyewe inaubana kwa uzito wake. Lakini kiangazi cha huko juu ya barafu panatokea madimbwi. Maji yakiingia kwenye ufa, kwa kuwa ni mazito kuliko barafu, yanasukuma kuta kwa nguvu kuliko barafu inavyobana. Ufa unashuka na maji yanashuka nao, mpaka unatoboa chini. Yapo mabamba ya barafu yaliyovunjika vipandevipande ndani ya wiki chache kwa namna hiyo."

"Hapo unapokwenda kuna madimbwi?"

"Hapo hapana. Ni baridi mno."

"Basi ufa wa hapo unakuaje?"

Lukresia akakaa tena. Kunegunda alimwona anatafuta maneno, akampa muda. Mwalimu mzuri akitafuta maneno unamwacha.

"Kuna mambo mengi pamoja. Maji ya bahari yenye joto kidogo yanapita chini na kuilamba barafu, inakuwa nyembamba, na mwisho inaacha kugusa vile vilima vilivyoishika. Halafu bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mawimbi yanaikunja kidogo kidogo, kama mtu anayekunja waya huku na huku. Na kubwa kuliko yote ni urefu. Ufa ukishakuwa mrefu, mvuto wote wa barafu unakusanyika kwenye ncha yake. Kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi kurefuka kwa urahisi."

"Hilo ungeniuliza ningekwambia mwaka sabini na mbili," Kunegunda akasema. "Na jua la baba yako liko wapi?"

"Joto lina sehemu yake, shangazi, na dunia inavyopata joto sehemu hiyo inakua. Lakini siyo kila ufa ni wa joto. Barafu ile kumeguka mwishoni ni desturi yake, kama ukucha unavyokatika. Kazi yetu ni kujua huu ni ukucha au ni kidole."

Kunegunda alilipenda jibu lile, lakini hakuonyesha.

*

Alhamisi Kunegunda alitoa kitu ambacho hakitoki ovyo: kibuyu cha ukoo, kile cha kumiminia pombe ya mababu siku ya tambiko. Kilikuwa na ufa ulioshonwa na mkono wake mwenyewe siku walipomaliza matanga ya baba yake, na miaka arobaini ufa ule ulilala. Kiangazi hiki, siku za upepo mkavu wa mwezi wa tisa, alikuwa ameona kitu kama unywele mbele ya mshono. Hakumwambia mtu.

Saimon alikuja safari hii bila kuitwa. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, mwanamume aliyekuja kusikiliza lakini hataki ionekane.

Kunegunda akachanganya masizi na mafuta ya nyonyo, akapaka kibuyu kizima, akasubiri, kisha akakifuta kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Palipokuwa pazima masizi yalitoka. Palipokuwa na ufa yalibaki ndani, mstari mweusi mwembamba ukaonekana wazi. Ulianzia kwenye mshono, ukapita kwenye tundu alilolitoboa miaka arobaini iliyopita, ukaendelea upana wa vidole vitatu.

Akapitisha ukucha juu ya mstari.

"Nilitoboa kabla ya mwisho," akasema. "Upana wa ukucha. Nilidhani nimefika ufa unapoishia, kumbe mwisho wenyewe ulikuwa mbele, mwembamba hauonekani. Nilikuwa na haraka, wageni wanangoja pombe."

"Lakini ulikaa miaka arobaini, shangazi."

"Ulikaa kwa sababu hapa," akagonga karibu na shingo, "nyama ya kibuyu ni ya nyuzinyuzi. Ufa ukifika hapo unachoka. Siku nyuzi zilipokauka, ukaamka."

Lukresia alikuwa ameshatoa daftari. "Barafu nayo ina sehemu za namna hiyo! Pale mito miwili ya barafu inapoungana, kiungo kinakuwa cha barafu laini iliyoganda kwa maji ya bahari. Ufa ukifika hapo unaweza kusimama miaka. Kuna mmoja ulilala miaka zaidi ya thelathini, watu wakaishi karibu nao, halafu siku moja ukaanza tena. Ilibidi kituo kizima kivutwe kwa matrekta mpaka upande wa pili."

Saimon akashusha mikono. "Watu walikuwa wanaishi hapo?"

"Ndiyo baba. Wakahama kabla. Wote wazima."

"Na kwa nini hawakuuziba?"

"Baba, ni ufa ambao lori linaingia kwa upana, na ndani unaenda chini kuliko mnara wa kanisa."

"Basi hauna kitu ndani? Mtupu tu?"

Lukresia akageuka akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza siku hiyo kama fundi mwenzake. "Unacho. Unajiziba wenyewe. Theluji inayopeperushwa na upepo inaangukia ndani, na vipande vya barafu, na maji ya bahari chini yanaganda katikati yao. Ujazo huo unashika pande mbili zisiachane. Wapo wanaosema ujazo ukiwa mwembamba, hapo ndipo ufa unapopata ruhusa ya kwenda, hata kama barafu yenyewe haijabadilika."

"Umesikia dada? Lipu!"

"Nimesikia."

"Mnanicheka kila siku kwamba mimi kazi yangu ni kupaka lipu. Kumbe mpaka huko wanashikwa na lipu." Akakwaruza saruji kwenye ukucha. Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Lakini lipu haishiki ukuta ambao msingi wake unatembea. Na huko kila kitu kinatembea. Mwenyewe umesema."

"Nimesema," Lukresia akakubali.

"Sasa nikuulize mimi," Kunegunda akasema. "Mwisho wa ufa huo mnauonaje? Mimi nina masizi."

"Sisi tuna rada. Tunaivuta juu ya theluji, inatazama chini. Na zile nguzo: zikiachana hata upana wa kidole tunajua siku hiyohiyo."

"Nimekuuliza mwisho. Ule mwembamba."

Lukresia angeweza kusema uongo pale, na shangazi yake asingejua. Akafunga daftari.

"Mara nyingi hatuuoni shangazi. Theluji inaufunika. Tunajua umefika wapi kwa makisio, na tunaacha nafasi kubwa mbele yake."

Saimon akapiga ndoo kwa kisigino. "Haya! Amesema mwenyewe!"

"Amesema, na ndiyo maana nazidi kumsikiliza," Kunegunda akajibu. "Wewe sasa, Saimon. Siku ya Makarius ufa uliuona saa ngapi?"

Upande wa pili wa ua Ashura aliacha kukoroga. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza Saimon. Watu walimpa pole, wakaishia hapo.

"Saa mbili asubuhi," akasema.

"Na ukingo ulianguka saa ngapi?"

"Saa saba. Saa saba na kidogo."

"Katikati hapo mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunangoja msimamizi." Sauti ilimpungua. "Makarius alisema tutoke. Nikamwambia tungoje msimamizi aje aone, maana tukitoka bila amri tutaambiwa tumekimbia kazi. Akaniheshimu, kwa kuwa mimi nilikuwa mkubwa wake. Akaendelea kuchimba."

Lukresia akamsogelea akamshika bega. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo yote. Dada yake hakumharakisha, wala hakumwambia neno la kumfariji. Alimlea, alijua wakati gani wa kumwacha.

Baadaye akamgeukia Lukresia. "Kwenye kambi yenu, anayesema tuondoke ni nani?"

"Ni kiongozi wa kambi. Nafikiri. Sina hakika."

"Hilo ndilo sharti langu. Andika sasa hivi, hapa mbele yangu. Waulize: mimi Lukresia nikiuona ufa umekuja, nina haki ya kuondoka na wenzangu bila kungoja amri ya mtu? Waandike ndiyo au hapana. Wakileta maneno marefu, umebaki Songea."

"Shangazi, hawa ni wakubwa wangu, siwezi kuwaandikia kama—"

"Kama nani? Kama mtu mwenye shangazi? Andika."

Akaandika kwenye simu, midomo imekaza. Kunegunda akataka asomewe kwa Kiswahili kabla haijatumwa. Akaifuta sentensi moja iliyoomba radhi.

*

Jibu lilikuja Ijumaa saa tano. Lukresia alikuja mbio kutoka barabarani, kitenge mkononi, akalisoma amesimama. Lilikuwa fupi. Mtu yeyote kambini, hata mpishi, akisema tuondoke, wote wanaondoka kwanza na kuulizana baadaye. Ni sheria yao tangu zamani. Na kambi itasimikwa upande wa bara, ng'ambo ya ufa, siyo upande unaoweza kumeguka. Kwenye upande ule mwingine watakuwa wanakwenda kufanya kazi mchana na kurudi, kamba kiunoni, wawili wawili. Chini yake waliongeza kwamba swali lile wangependa kila mgeni aliulize.

"Soma tena hapo kwenye mpishi," Kunegunda akasema.

Akasoma tena.

Saimon alikuwa ameshafika, amevaa shati la Jumapili siku ya Ijumaa. Kunegunda akawakalisha wote wawili mbele yake, akanawa mikono, na akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, kama desturi inavyotaka:

"Lukresia binti Saimon, mimi shangazi yako nimeuliza, nimejibiwa, na nimeelewa. Ufa wa huko unakua kwa sababu barafu inajivuta kwa uzito wake, inashikwa huku na kuachiliwa kule, inalambwa chini, inakunjwa na maji, na ncha inabeba mzigo wa urefu wote. Siyo mzimu, wala hauvizii watu. Una dalili. Mwenye kuziona na kuondoka anaishi. Nenda. Utasindikizwa, na utapokewa."

Kule nyuma ya ua Ashura akapiga kigelegele. Lukresia aliinamisha kichwa kwenye magoti ya shangazi yake, kisha akasimama kwenda kujibu barua yake kabla mtandao haujapotea, maana umeme ulikuwa umeshaanza kuchezacheza.

Saimon alibaki. Hakuwa amefurahi. Macho yalikuwa mekundu. Lakini hakubisha.

"Nimekubali dada," akasema. "Siyo kwa moyo wote. Lakini nimekubali."

"Moyo wote sijakuomba. Nina kazi nyingine ya kukupa."

"Kazi gani?"

"Jumapili baada ya misa ya pili ukoo unakuja hapa. Watatoka Hanga, watatoka Lusewa, na Tadei wa Namtumbo atakuja na ule mdomo wake. Watauliza kwa nini tumemwachia binti aende kukaa penye ufa. Mimi nitakaa kimya. Wewe ndiye utakayesimama."

"Mimi? Dada, mimi nitasema nini? Mambo ya setilaiti na—"

"Utawaeleza ufa unakuaje. Unga, uzito, vilima vya chini, maji, ncha, na hiyo lipu yako usiisahau. Kisha utawaeleza habari ya Makarius, yote, kuanzia saa mbili hadi saa saba, maana mjane wake nitamwalika na hajawahi kuisikia kutoka kwako. Ukimaliza hapo ndipo utawasomea lile jibu la mpishi."

Saimon akainuka kama mtu anayetaka kwenda.

"Leo ni Ijumaa," Kunegunda akasema, akamsogezea kigoda kile kifupi. "Kaa. Anza kunieleza mimi kwanza, nisikie wapi unakosea."